Usifomati Kwanza: Uchambuzi wa Hitilafu za Kadi za Flashi kwenye Nintendo DS

Mpwa wangu aliniletea Nintendo DS Lite nyeusi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja yake. Aliletewa na baba yake mdogo kutoka Muscat, ikiwa tayari na kadi ya flashi ya R4 ndani. "Mjomba, magemu mengine yanacheza vizuri, mengine yanaganda palepale kila siku," akaniambia. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi simu wa mtaani kwao. Fundi alifanya lile ambalo karibu kila mmoja wetu angelifanya: alichomoa memori kadi, akaifomati, akarudishia mafaili. Kifaa kikacheza siku mbili bila kusumbua, kisha kikaganda tena, safari hii kwenye gemu jingine. Na hatua alizozifikia kijana kwa miezi kadhaa zikawa zimefutika zote.

Simlaumu fundi. Kufomati ndiyo dawa tuliyoizoea kwa simu na kwa flashi za kompyuta. Lakini kwa kadi hizi, kuanza na kufomati ni sawa na kumpa mtu dawa ya malaria kwa sababu tu mwili una joto. Dalili za kadi ya flashi ni chache: kioo kubaki cheupe, maandishi ya kupakia yasiyoisha, gemu kuganda, sauti kukatakata, hatua za mchezo kupotea. Magonjwa yaliyo nyuma ya dalili hizo ni mengi mno. Kwa kadi nilizozifungua na kuzipima, nimeona magonjwa hayo yakiangukia mafungu matatu: uchakavu, kutopatana, na mtego. Kila fungu lina tiba yake, na tiba ya fungu moja huweza kuharibu kabisa penye fungu jingine. Kwa hiyo swali linalopaswa kutangulia mikono ni hili: hitilafu iliyo mbele yangu ni ya fungu gani?

Mkalimani aliye katikati

Nintendo DS iliingia sokoni Marekani tarehe 21 Novemba 2004, na Japani siku chache baadaye. Familia yake nzima iliuzwa zaidi ya milioni 154, na ndiyo maana hadi leo unaikuta kwenye makabati ya watu dunia nzima. Ndani yake kuna vichakato viwili, kimoja cha megahezi 67 hivi na kingine cha megahezi 33, pamoja na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 4 tu. Shika hiyo namba ya mwisho. Gemu moja laweza kuwa na megabaiti 64, 128 au zaidi, kwa hiyo haliwezi kuingia lote kwenye kumbukumbu ya kifaa. Kifaa hulisoma kipandekipande wakati mchezo unaendelea: ramani mpya ukivuka mto, wimbo mpya ukikutana na adui, picha mpya ukifungua mlango. Kadi ikichelewa au ikikosea kwa nukta moja tu, hakuna akiba ya kufichia kosa hilo. Mchezaji huliona papo hapo.

Kadi ya flashi ina umbo lilelile la kadi ya gemu halali, na pini 17 zilezile za kugusana na kifaa. Tofauti ni kwamba badala ya kubeba gemu moja lililochomwa kiwandani, ina tundu la kuchomeka microSD. Unapowasha, chipu ndogo ya kadi hujitambulisha kwa kifaa kana kwamba ni gemu la kawaida. Kisha huita programu iliyo kwenye microSD, ambayo watumiaji wameizoea kwa jina la keneli. Keneli ndiyo inayokuonyesha orodha ya magemu. Ukichagua moja, kazi yake huwa kukaa katikati: gemu likiomba kipande fulani, keneli na chipu hugeuza ombi hilo kuwa mahali fulani ndani ya faili fulani kwenye microSD, na kurudisha jibu.

Keneli, basi, ni mkalimani. Mazungumzo yakivurugika, yawezekana msemaji kakosea, yawezekana mkalimani hajui lahaja hiyo, na yawezekana daftari analosomea limelowa maji. Anayesikiliza husikia jambo lilelile moja: mazungumzo yamekatika.

Fungu la kwanza: uchakavu

Uchakavu huanzia kwenye pini. Kifaa kilichokaa kabatini miaka mingi, hasa katika miji ya pwani yenye unyevu na chumvi hewani, hupata ukungu mwembamba juu ya pini za kadi. Menyu ya kifaa husema hakuna kadi, au hufungua kadi mara moja kati ya tatu. Alama ya uchakavu wa aina hii ni kubadilikabadilika. Ukiichomoa na kuichomeka mara kadhaa jibu linakuwa tofauti, au ukiibonyeza kidogo kwa kidole inashika. Hitilafu ya programu haiponi kwa kubonyezwa. Pamba yenye spiriti, mkono mwepesi, na kuacha ikauke vizuri kabla ya kuwasha, hutosha mara nyingi. Usisahau springi ya tundu la microSD: ikichoka, memori kadi husogea kidogo kifaa kinapotikisika, na gemu huganda ukiwa kwenye daladala lakini si ukiwa umekaa kitini.

Baada ya pini inakuja microSD yenyewe, na hapa ndipo penye utajiri wa matatizo. Kumbukumbu ya aina hii huhifadhi data kama chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya seli. Kila kuandika huzichosha seli hizo kidogo, na chaji iliyolala miaka bila kuguswa huvuja polepole. Kadi iliyotoka kwenye simu ya mtu aliyeitumia miaka sita kupigia picha imeshafanya kazi kubwa kabla haijafika kwenye gemu lako.

Kuna balaa kubwa zaidi ya uzee, nalo ni kadi feki. Yeyote aliyenunua memori kadi mitaani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, anajua kwamba maandishi ya juu ya kadi si ushahidi wa kilichomo. Kadi feki imepangwa iseme uongo: kompyuta ikiiuliza ukubwa, hujibu gigabaiti 2, na ndani mna robo yake. Orodha ya majina ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyopo kweli, kwa hiyo majina yote yanaonekana, na ukubwa wake sahihi kabisa. Lakini yaliyomo ndani ya mafaili yaliyonakiliwa mwishoni yalimwagwa kwenye eneo lisilokuwepo, au yaliandikwa juu ya mafaili mengine.

Kwa kadi ya mpwa wangu nilichukua kompyuta na kutumia programu ya H2testw, ambayo hujaza kadi kwa data ya majaribio kisha kuisoma tena na kulinganisha. Wenye Linux wanayo F3 kwa kazi hiyohiyo. Kadi iliandikwa gigabaiti 2. Iliyosomeka sawasawa ilikuwa chini ya megabaiti 500, na iliyobaki yote ilikuwa takataka. Hapo hadithi nzima ikajieleza. Magemu yaliyonakiliwa mwanzo yalicheza, ya mwisho yakaganda. Fundi alipofomati na kurudishia mafaili, mpangilio ulibadilika, likaganda gemu jingine. Siku mbili za nafuu zilikuwa muda tu wa kijana kufika penye ukurasa usiokuwepo. Kadi hiyo ingefomatiwa mara mia, na mara mia ingerudi palepale.

Fungu la pili: kutopatana

Katika fungu hili kila kitu ni kizima, ila havielewani. Alama yake ni uthabiti: kosa hutokea mahali palepale, kwa namna ileile, na kadi hiyohiyo inafanya kazi vizuri kwingine.

Kutopatana kwa kwanza ni kwa ukubwa. R4 ya asili husoma microSD za hadi gigabaiti 2 tu, kwa sababu kadi zilizozidi hapo, za aina ya SDHC, hutumia namna nyingine ya kuhesabu anwani, na chipu ile haikufundishwa. Mtu hununua kadi nzuri, halali, ya gigabaiti 16, akaiweka, akaona maandishi ya kupakia yamesimama, akaamini R4 imekufa. Haijakufa, imesemeshwa lugha isiyoijua. Kadi zilizotengenezwa baadaye husoma SDHC hadi gigabaiti 32. Kuanzia gigabaiti 64 kadi za microSD huuzwa zikiwa na mfumo wa mafaili wa exFAT, ambao keneli nyingi haziutambui. Kadi za flashi zinataka FAT16 au FAT32, na wenye uzoefu huchagua vipande vya kilobaiti 32 ili usomaji uwe mwepesi. Hapa ndipo kufomati kunapokuwa tiba halali, kwa sababu sasa unajua unafomati kwa ajili ya nini.

Kutopatana kwa pili ni kati ya keneli na kadi. R4 ilipopata soko, waigaji walijaa. Kadi nyingi zinazoitwa R4 kwa kibandiko hazina uhusiano wowote na R4 ya kwanza: chipu ni tofauti, na keneli yake ni tofauti. Ukiweka keneli ya kadi moja kwenye kadi nyingine, utaletewa ujumbe kwamba faili kama _DS_MENU.DAT halionekani, ingawa unaliona kwa macho yako kwenye kompyuta, au utabaki kwenye kupakia kusikoisha. Soma maandishi ya kibandiko herufi kwa herufi, pamoja na anwani iliyochapwa, kabla ya kutafuta keneli. Jihadhari pia na kosa moja hatari. Keneli iliyo kwenye microSD unaweza kuibadilisha utakavyo, kwani ukikosea utafuta na kuweka nyingine. Lakini kuna programu nyingine iliyoandikwa ndani ya chipu ya kadi yenyewe. Ukiweka isiyo yake hapo, kadi huweza kufa moja kwa moja. Kama tatizo ni gemu moja kuganda, huna sababu ya kuigusa.

Kutopatana kwa tatu huwaumiza watu zaidi kuliko vyote, nako ni kwa kumbukumbu ya mchezo. Kadi halali za DS zilibeba chipu za kuhifadhia hatua za ukubwa mbalimbali: baiti 512, kilobaiti 8, 64, 256, 512. Keneli lazima ijue gemu gani lina ukubwa gani, ili itengeneze faili la .sav linalolingana. Gemu likiwa jipya kuliko orodha ya keneli, hukisia, na ikikosea gemu hukuambia data imeharibika. R4 ya asili iliishia kwenye keneli ya 1.18. Baada ya hapo ni mbunifu wa kujitegemea aliyeendeleza keneli ya Wood R4 hadi toleo la 1.62, na magemu mengi yaliyokuwa yakigoma yakakubali.

Kabla hujalia kwamba hatua zimepotea, angalia jina. Faili la hatua lazima lifanane jina na faili la gemu. Mtu hubadilisha jina la gemu ili liwe fupi na lipendeze kwenye orodha, kesho yake mchezo unaanza upya. Vilevile keneli moja hutafuta faili linaloishia kwa .sav, nyingine huongeza .sav baada ya .nds. Ukihama keneli, kazi yako yote ya miezi iko palepale kwenye kadi, inasubiri kuitwa kwa jina lake.

Programu za wabunifu huru nazo zina kutopatana kwao. Hizi hazijui zitawekwa kwenye kadi gani, kwa hiyo hutumia utaratibu uitwao DLDI: programu huachiwa nafasi ya wazi, na maelekezo ya kusoma kadi husika hupachikwa humo. Kadi nyingi hupachika zenyewe. Kwa zisizofanya hivyo, programu huwaka vizuri kisha hudai haioni faili hata moja. Na waliotumia kompyuta za Mac watakuta kwenye orodha majina yanayoanza na nukta, mafaili madogo ya kivuli ambayo ukiyachagua yanaleta kioo cheupe. Gemu ni zima, ni kwamba umefungua kivuli chake. Mwisho, zima misimbo ya kurahisishia mchezo, ile inayoitwa chiti. Inakaa kwenye zile megabaiti 4 chache, na mara nyingi ndiyo inayogandisha.

Fungu la tatu: mtego

Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa walikuwa wakisifu mafundi wa vyombo. Kuna hitilafu ambazo nazo zimeundwa kwa ustadi uleule, na hakuna usafi wala kufomati kutakakoziondoa.

Watengenezaji wa magemu walipoona nakala zinasambaa, baadhi waliweka vipimo ndani ya gemu: likigundua halisomwi kutoka kadi halali, halisemi neno, bali linaharibu mchezo polepole. Katika Pokémon Black na White za mwaka 2010, wanyama wako wanapigana na kushinda lakini hawapati pointi za kukua. Katika The Legend of Zelda: Spirit Tracks, mchezo wa kuendesha treni, vidhibiti vya treni havionekani. Katika Chrono Trigger ya DS, safari ya kupita katika wakati haifiki mwisho. Na katika gemu la DS la Michael Jackson: The Experience, nyimbo zilizamishwa na mlio wa vuvuzela, mwaka uleule ambao Kombe la Dunia la Afrika Kusini liliujaza mlio huo masikioni mwetu sote. Alama ya mtego wa aina hii ni kwamba kifaa hakigandi hovyo. Kinachovunjika ni kanuni moja ya mchezo, na kila kitu kingine kinakwenda. Ukikutana na hilo, acha kuchokonoa kadi. Gemu limekuambia kwa njia yake kwamba linataka kununuliwa, na kadi halali iliyotumika bado inapatikana.

Mtego wa pili uliwekwa na watengenezaji wa kadi wenyewe. Baadhi ya kadi zinazojiita R4 zilitoka na keneli yenye tarehe ya kufa: saa ya kifaa ikipita siku fulani, kadi hugoma na kukutaka upate toleo jipya, au ununue kadi mpya. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote: rudisha tarehe ya kifaa nyuma miaka michache. Kadi ikiamka, umempata mhalifu, na dawa ni kutafuta keneli isiyo na kizuizi hicho kwa aina yako ya kadi. Nasema wazi kwamba huu ni uonevu. Kumuuzia mtu kifaa kilichopangiwa siku ya kufa bila kumwambia ni wizi, hata kama ni wa polepole.

Mtego wa tatu ni wa kifaa. DSi, toleo la baadaye la DS lililotoka Japani Novemba 2008, iliweza kusasishwa kwa intaneti, na toleo lake la 1.4 la mwaka 2009 lilizifungia nje kadi nyingi za flashi zilizokuwa zikifanya kazi jana yake. Mwenye DSi, au 3DS iliyoifuata, ambaye kadi yake imegoma ghafla aulize kwanza: je, kifaa kimesasishwa hivi karibuni?

Namna ya kupima

Kwa mafungu haya matatu, utaratibu unajipanga wenyewe. Kwanza kabisa, kabla ya jambo lolote, nakili kila kilichomo kwenye microSD hadi kwenye kompyuta, hasa mafaili ya .sav. Gemu utalipata tena, ila miezi yako ya kucheza haiuzwi popote. Pili, ichunguze dalili kwa maswali mawili: inabadilikabadilika au ni thabiti? Ni gemu moja au yote? Inayobadilikabadilika elekea kwenye uchakavu, thabiti kwa magemu yote elekea kwenye keneli na mfumo wa mafaili, thabiti kwa gemu moja elekea kwenye faili la gemu hilo na microSD linamokaa, kumbukumbu yake, au mtego.

Tatu, panda kutoka chini. Pini, kisha upimaji wa microSD, kisha mfumo wa mafaili, kisha keneli, kisha gemu. Hakuna maana ya kubadilisha keneli juu ya memori kadi inayodanganya. Nne, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ujaribu. Ukisafisha pini, ukafomati na kubadilisha keneli kwa mkupuo, hata ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudi utaanza upya. Na unapomaliza kunakili, itoe kadi kwa utaratibu wa kompyuta wa kutoa salama. Kadi iliyochomolewa ghafla, au kifaa kilichozimwa papo hapo baada ya kuhifadhi, huacha jedwali la mafaili likiwa limeandikwa nusu.

Kwa nini mzigo huu ni wetu

Tarehe 27 Februari 2009, mahakama ya wilaya ya Tokyo ilipiga marufuku uuzaji wa R4 na kadi za aina yake, kufuatia kesi ya Nintendo na makampuni 54 ya magemu. Julai 2010, Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua vivyo hivyo kuhusu kuziingiza na kuziuza nchini humo. Naziheshimu sababu za hukumu hizo: wapo watu waliotunga magemu yale kwa jasho, na nakala ya bure iliwaumiza. Lakini kadi ileile ndiyo iliyowafungulia wabunifu wasio na kampuni mlango wa kuandika programu za DS. Colors!, programu ya kuchora kwa kalamu ya kifaa, ilianza hivyo mwaka 2007, na baadaye ikauzwa rasmi kwa ajili ya 3DS.

Matokeo yake ni kwamba kadi hizi hazina mwenyewe. Hakuna dhamana, hakuna kituo cha huduma, na tovuti za watengenezaji wengi zimeshazimwa. Aliyebaki kuzitunza ni mtumiaji, pamoja na wabunifu wanaoendelea kuandika programu huria kama TWiLight Menu++ bila kulipwa. Kwa hali hiyo, kujua kupima ni sehemu ya kumiliki. Na ujuzi huu hauishii kwenye gemu. Kadi feki niliyoipata kwa mpwa wangu ni ndugu wa kadi inayokula picha za harusi kwenye simu ya mtu mwingine, na njia ya kuikamata ni ileile.

Nilitafuta microSD ya gigabaiti 2 kwenye simu yangu ya zamani, nikaipima mbele ya kijana hadi mwisho, ikasoma yote. Tukaifomati kwa FAT, tukaweka keneli yake, tukarudisha magemu. Yote yakacheza. Hatua zake hazikurudi. Nilijaribu kuzifufua kutoka kwenye kadi ya zamani, lakini kule kufomati kwa kwanza kulizifuta, na mafaili yaliyorudishiwa yakaandikwa juu yake. Alinyamaza kidogo, akaanza mchezo upya. Sasa kila Jumamosi, kabla ya kuwasha, anaichomeka kadi kwenye kompyuta ya mama yake na kunakili mafaili ya .sav kwenye folda aliyoipa jina "Zangu".